Kusia mbegu za mboga ndani ya nyumba theluji ikiwa bado nje: mwongozo kamili kwa bustani za Minnesota

Kila mwaka ikifika katikati ya Aprili simu yangu hujaa picha zinazofanana. Ni miche ya nyanya iliyowekwa dirishani, mirefu, myembamba kama uzi, imelalia upande mmoja. Chini ya picha kuna swali: "Dada, nimekosea wapi?"

Wanaouliza si watu wasiojua kilimo. Wengi wamekua wakiona mama zao wakisia kitalu, wanajua kuchagua mbegu na wanajua kumwagilia asubuhi na jioni. Tatizo liko hapo hapo. Kitalu cha Lushoto au cha Kinangop hujengewa kichanja cha nyasi kwa sababu jua ni kali na linaunguza mche. Ndani ya apatimenti ya Brooklyn Park, Minnesota, mwezi Machi hakuna jua la kukinga. Tunamtilia kivuli mtoto aliyeko gizani, kisha tunamnywesha maji mengi kana kwamba yuko juani.

Basi kabla ya yote shika hili: mbegu inataka joto, mche unataka mwanga. Ni mahitaji mawili tofauti, na yanabadilishana zamu siku ile mbegu inapochomoza. Karibu kila picha ninayotumiwa inatokana na mtu aliyeupa mche joto wakati ulikuwa unadai mwanga.

Tarehe nitakazotaja ni za Minneapolis, Saint Paul na miji inayoizunguka. Kama uko kwingine, Hatua ya 1 itakuonyesha namna ya kupata zako.

## Vifaa: viwe mezani kabla hujafungua pakiti

- Mbegu. Soma mwaka ulioandikwa nyuma ya pakiti.
- Mchanganyiko wa kusia, mfuko ulioandikwa "seed starting mix". Ni pitimosi (mabaki ya mimea ya kinamasi) au kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyochanganywa na perlaiti au vemikulaiti, yaani chembe nyepesi za mawe. Usichukue udongo wa bustani: ndani ya kishimo kidogo hushikana kama tofali, na huja na vimelea vya magonjwa.
- Trei ya vishimo pamoja na trei ya chini isiyotoboka. Vikopo vya mtindi vinafaa pia, ilimradi uvitoboe matundu matatu au manne chini.
- Kifuniko cha plastiki angavu, au karatasi ya plastiki ya kufunikia chakula.
- Mkeka wa umeme wa kupasha trei joto. Kwa nyanya unaweza kuukosa ukafanikiwa. Kwa pilipili, bilinganya na nyanya chungu mimi sianzi bila huo.
- Taa ndefu ya LED ya futi 4, zile zinazofungwa gereji, yenye mwanga mweupe wa kati ya 5000K na 6500K, namba ya rangi ya mwanga iliyoandikwa kwenye boksi. Huhitaji taa ya zambarau ya bei kubwa.
- Taima ya kuwasha na kuzima taa.
- Minyororo au kamba za kupandisha na kushusha taa.
- Feni ndogo.
- Mbolea ya maji, ya kawaida, ya mboga.
- Tepu ya karatasi na penseli za kuandikia majina. Wino wa kalamu hufutika kwa maji, penseli hubaki.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu kati ya mkeka na taa, nunua taa. Trei inaweza kuota juu ya friji au karibu na kipasha joto cha nyumba. Mwanga huna pa kuuazima.

Neno moja kuhusu mbegu za kutoka nyumbani. Sheria za Marekani zinataka mbegu za kupanda zinazoingia nchini ziwe na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zilikotoka. Kifurushi kilichofichwa ndani ya kanga bila kutangazwa uwanja wa ndege kinaweza kuchukuliwa, na mwenyewe akatozwa faini. Nyanya chungu, mchicha na bamia hupatikana kwa wauzaji wa mbegu wa hapa hapa. Sukuma wiki tafuta pakiti zilizoandikwa "collards".

## Hatua ya 1: Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Kosa la kwanza hufanyika kabla mtu hajagusa udongo. Mwezi Februari baridi imetuchosha, madukani rafu za mbegu zimejaa, na mkono unawasha. Mtu anasia nyanya tarehe 10 Februari. Ikifika Mei mche una urefu wa nusu mita, mizizi imezunguka kikopo, umeshatoa maua, na nje bado kuna jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha na kuua mimea.

Mche uliokaa ndani muda mrefu haukupi mavuno ya mapema. Mche mfupi wa wiki sita au saba, wenye shina nene, ukitolewa nje hushika haraka na mara nyingi humpita yule mzee.

Anza na siku utakayopandikiza nje, kisha rudi nyuma. Huku kwetu jalidi ya mwisho kwa kawaida hupita katika nusu ya kwanza ya Mei, lakini udongo huchelewa kupata joto, kwa hiyo mboga zisizopenda baridi mimi hazitoki kabla ya tarehe 20 Mei.

- Vitunguu maji: wiki 10 kabla ya kutoka nje. Vinatoka mwishoni mwa Aprili, kwa hiyo visie katikati ya Februari. Chagua aina za siku ndefu, yaani zinazofanya kitunguu mchana ukiwa mrefu. Zile za siku fupi huku kaskazini hufanya kitunguu kidogo kabla majani hayajakua.
- Nyanya chungu, bilinganya, pilipili: wiki 9 au 10. Zinatoka mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo zisie kati ya tarehe 20 na 30 Machi.
- Sukuma wiki na kabichi: wiki 5. Zinavumilia baridi, zinatoka mwisho wa Aprili, kwa hiyo zisie karibu na tarehe 20 Machi.
- Nyanya: wiki 6 mpaka 8. Zinatoka baada ya tarehe 20 Mei. Mimi husia wiki ya kwanza ya Aprili.
- Bamia: wiki 3 au 4 tu. Zinatoka mwanzo wa Juni, zisie mwanzo wa Mei, kila mbegu kwenye kikopo chake, kwa sababu bamia haipendi mizizi yake kuguswa.

Mchicha, maharage, mahindi, maboga, karoti na giligilani usivihangaikie ndani. Vyote huota vizuri vikipandwa moja kwa moja bustanini: karoti na giligilani kuanzia mwishoni mwa Aprili, vingine udongo ukishapata joto.

Onyo: usifuate kalenda ya rafiki aliye jimbo jingine. Ndugu yako wa Dallas jalidi yake ya mwisho kwa kawaida ni katikati ya Machi, kwa hiyo nyanya anasia Januari. Tafuta tarehe ya jalidi ya mwisho ya mji wako, panga kutoka hapo siku ya kupandikiza, kisha hesabu wiki zile zile kurudi nyuma.

Utajua umefanya sawa: una karatasi ukutani yenye tarehe ya kila mboga, na Februari unasia vitunguu peke yake.

## Hatua ya 2: Jaribu mbegu za zamani

Pakiti mpya, ruka hatua hii. Ya miaka iliyopita, ijaribu. Mbegu za kitunguu hupoteza nguvu baada ya mwaka mmoja hivi, pilipili miaka miwili mpaka mitatu, nyanya na sukuma wiki hata minne na zaidi zikitunzwa mahali pakavu penye ubaridi.

Chukua mbegu 10, zikunje ndani ya karatasi ya jikoni iliyolowa, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka juu ya friji. Nyanya na sukuma wiki angalia baada ya siku 7 hadi 10, pilipili baada ya wiki mbili. Zikiota 8, sia kawaida. Zikiota 5, sia mara mbili. Chini ya 4, nunua nyingine.

## Hatua ya 3: Lowanisha udongo kabla ya kuujaza kwenye trei

Pitimosi iliyokauka hukataa maji. Ukiijaza ikiwa kavu kisha ukamwagilia juu, maji yatapita pembeni na katikati kubaki vumbi. Mbegu itakaa pale wiki nzima bila kuota na utadhani mbegu ni mbovu.

Mimina mchanganyiko kwenye beseni, tia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, koroga kwa mkono. Acha nusu saa, koroga tena.

Kipimo ni ngumi yako. Chukua kiganja kimoja, kamua. Udongo ukishikana na kutoa tone moja au mawili, uko tayari. Ukitiririsha maji, ongeza mkavu. Ukimomonyoka, ongeza maji.

Jaza vishimo mpaka juu, gonga trei mezani mara mbili udongo ushuke, jazia tena. Usishindilie kwa vidole. Mizizi michanga inahitaji hewa sawa na inavyohitaji maji.

## Hatua ya 4: Sia

Mbegu hufukiwa kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Kwa nyanya, pilipili na bilinganya ni kama nusu sentimita. Sukuma wiki vivyo hivyo. Saladi yenyewe ilaze juu, ibonyeze kidogo, usiifukie, kwa maana inahitaji mwanga ili iote. Bamia iloweke usiku kucha, kisha ifukie sentimita moja na nusu.

Weka mbegu mbili kila kishimo. Nyumbani tulizoea kumwaga mbegu kwenye mstari, na nje inafaa kwa sababu kuna upepo na jua. Ndani, miche iliyosongamana hugombania mwanga, hurefuka, na ugonjwa ukiingia kwa mmoja unawamaliza wote jioni moja.

Andika jina na tarehe papo hapo, trei kwa trei. Miche ya pilipili mbuzi na ya pilipili hoho inafanana mpaka itoe matunda.

Funika trei kwa plastiki.

## Hatua ya 5: Wape joto, na subira

Joto linalohesabika ni la udongo. Chumba chenye nyuzi 20 za Selsiasi kinaweza kuwa na trei yenye 17, kwa sababu maji yanapovukiza huondoka na joto.

Nyanya zinapenda udongo wa nyuzi 21 hadi 27, yaani 70 hadi 80 za Farenhaiti. Pilipili, bilinganya na nyanya chungu zinataka 27 hadi 29, yaani 80 hadi 85. Sukuma wiki na vitunguu havisumbui. Joto la kawaida la sebuleni linavitosha.

Muda wa kuota unatofautiana sana, na hapa watu wengi hukata tamaa mapema:

- Sukuma wiki: siku 4 hadi 7
- Nyanya: siku 5 hadi 10
- Vitunguu: siku 7 hadi 12
- Bilinganya: wiki 1 hadi 2
- Pilipili: wiki 1 hadi 3, zile kali sana zinaweza kufika wiki 4

Kwa sababu hiyo usichanganye sukuma wiki na pilipili kwenye trei moja. Sukuma itachomoza siku ya tano ikidai mwanga na ubaridi, wakati pilipili bado inadai joto na kifuniko. Mmoja wao lazima ataumia.

Onyo: usiweke trei iliyofunikwa kwenye dirisha lenye jua. Chini ya plastiki joto hupanda haraka na mbegu hupikika.

Utajua umefanya sawa: unaona vishina vilivyojikunja kama vipini vidogo vikisukuma udongo.

## Hatua ya 6: Siku ileile ya kuchomoza, ondoa kifuniko na washa taa

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Mche unapotoka ardhini huanza kuutafuta mwanga. Usipoupata, hutumia akiba yote ya mbegu kurefusha shina ukidhani uko chini ya majani mengine. Kazi hiyo inachukua siku moja au mbili tu, na haifutiki. Shina lililorefuka halirudi kuwa fupi. Ndiyo maana nasema siku ileile, tena asubuhi ile ile. Usingoje mbegu zote ziote. Zikichomoza nusu, ondoa kifuniko, toa trei kwenye mkeka, iweke chini ya taa.

Taa iwe karibu kuliko unavyodhani: sentimita 5 hadi 10 juu ya majani, kama upana wa vidole vinne. Watu huiogopa taa kwa sababu wanaifananisha na jua la kwetu. Taa ya gereji haikaribii jua la saa sita hata kidogo, na ukiipandisha juu mwanga unaofika kwenye mche unapungua kwa kasi kubwa. Kama umenunua taa maalumu ya mimea yenye nguvu nyingi, hiyo fuata umbali ulioandikwa kwenye boksi lake.

Weka taima iwashe saa 12 asubuhi na kuzima saa 4 usiku. Hizo ni saa 16. Usiwashe usiku kucha. Mimea nayo inahitaji giza. Kila baada ya siku mbili pandisha taa kidogo kufuata miche.

"Lakini dirisha langu linaangalia kusini." Nimelisikia mara nyingi, na naelewa, maana chumba kinaonekana cheupe machoni mwetu. Jicho la binadamu hujirekebisha, mche haujirekebishi. Mwanga wa dirishani Machi unatoka upande mmoja, hudumu saa chache, mawingu yakija hupotea, na usiku kioo kinatoa baridi inayougusa udongo. Dirisha la kusini linaweza kusaidia saladi. Halitoshi nyanya.

Joto la chumba sasa lishuke. Nyuzi 16 hadi 21 zinatosha baada ya kuota. Besimenti yenye ubaridi kidogo na taa nzuri hutoa miche minene kuliko sebule yenye joto.

Washa feni kwenye mwendo wa chini kabisa, ipulize juu ya miche saa moja au mbili kwa siku. Mtikisiko mdogo unafanya shina liwe nene, na hewa inayotembea inakausha uso wa udongo.

Utajua umefanya sawa: baada ya wiki moja mche wa nyanya umesimama wima, una urefu wa sentimita 3 hadi 5, na shina lina rangi ya zambarau kidogo lenye vinyweleo. Ukiinamia upande mmoja, mwanga unatoka upande mmoja. Ukirefuka, taa iko mbali.

## Hatua ya 7: Mwagilia kwa chini, na kwa uchache

Ugonjwa wa kinyausi ndio unaoua trei nzima. Jioni umeiacha miche imesimama. Asubuhi imelala, shina limebanwa na kuwa jembamba kama uzi pale lilipogusana na udongo. Husababishwa na vimelea vya jamii ya ukungu, Pythium na Rhizoctonia miongoni mwao, na vyote vinapenda udongo uliolowa daima, ubaridi na hewa iliyotulia.

Mche ulioanguka haufufuki. Ung'oe pamoja na udongo wake, acha wengine wakauke kidogo, ongeza upepo. Kinga ndiyo dawa, nayo iko kwenye maji.

Weka maji ya joto la chumba kwenye trei ya chini, kina cha sentimita moja hivi. Subiri dakika 20 hadi 30. Udongo utayavuta juu wenyewe. Yaliyobaki yamwage, usiache trei ikielea.

Ni lini umwagilie tena? Usitumie kalenda, tumia mkono. Nyanyua trei mara baada ya kumwagilia, ujue uzito wake. Inapokuwa nyepesi na uso wa udongo umebadilika kuwa kahawia iliyopauka, ndipo uirudishe kwenye maji. Mara ya kwanza kati ya kumwagilia zinaweza kupita siku tatu au nne, na moyo utakuuma. Vumilia. Mazoea ya asubuhi na jioni tuliyaleta kutoka mahali ambapo jua linakausha tuta kabla ya saa sita.

Ukiona vinzi vyeusi vidogo vikiruka juu ya trei, au ukijani mwembamba juu ya udongo, ni ujumbe huohuo: maji yamezidi.

Kama unatumia tena trei za mwaka jana, zioshe kwa sabuni, kisha ziloweke dakika 10 kwenye maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji. Suuza.

## Hatua ya 8: Punguza, lisha, hamishia kwenye vikopo

Majani mawili ya kwanza si majani halisi. Ni yale yaliyokuwa ndani ya mbegu. Yanayofuata ndiyo yenye umbo la mmea wenyewe. Jozi ya kwanza ya majani halisi ikifunguka, fanya mambo matatu.

Kwanza, bakiza mche mmoja kila kishimo. Ule dhaifu ukate kwa mkasi usawa wa udongo. Usiung'oe, mizizi yao imeshikamana. Ni vigumu kukata mche uliouotesha mwenyewe, najua, lakini wawili ndani ya kishimo kimoja watakupa miche miwili dhaifu.

Pili, anza mbolea. Mchanganyiko wa kusia karibu hauna chakula. Changanya mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa, au robo kama miche ni midogo, mara moja kwa wiki. Majani yakiwa ya njano chini, wana njaa. Yakiwa na zambarau upande wa chini, mara nyingi ni baridi: mizizi iliyopoa haiwezi kuchukua fosforasi hata ikiwepo.

Tatu, nyanya, pilipili na jamaa zake zikifikisha jozi ya pili ya majani halisi, zihamishie kwenye vikopo vya upana wa sentimita 8 hadi 10. Sasa tumia mchanganyiko wa kawaida wa vyungu, si ule wa kusia.

Shika jani, usishike shina. Jani likichanika jingine litaota; shina likibanwa, mche umekwisha.

Nyanya izamishe mpaka karibu na yale majani mawili ya mwanzo, kwa sababu shina lake hutoa mizizi popote linapofukiwa. Hapa ndipo pa kuiokoa kidogo nyanya iliyorefuka. Pilipili, bilinganya na sukuma wiki zipande kwa kina kile kile zilichokuwa nacho.

Baada ya kuhamishwa watanyong'onyea siku moja au mbili. Ni kawaida.

## Hatua ya 9: Wazoeshe nje, siku kumi kamili

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa na miche 46 ya nyanya, mizuri, ya kijani iliyokolea. Ikaja Jumamosi ya Mei yenye jua. Nikaitoa yote nje saa 4 asubuhi, nikaenda kwenye shughuli. Niliporudi saa 10 jioni majani yalikuwa meupe kama karatasi. Ilibaki mitano. Nililia, kwa sababu nilikuwa nimeilea kwa wiki saba.

Mche uliokulia chini ya taa haujawahi kuonja jua kamili wala upepo wa kweli. Ngozi ya jani ni laini. Unahitaji kuikomaza taratibu:

- Siku ya 1 na 2: saa moja hadi mbili nje, kivulini, pasipo upepo.
- Siku ya 3 na 4: saa tatu hadi nne, na jua la asubuhi kwa nusu saa au saa moja.
- Siku ya 5 hadi 7: nusu siku, jua la asubuhi saa mbili mpaka nne.
- Siku ya 8 na 9: mchana kutwa, jua lote.
- Siku ya 10: mchana na usiku, kama usiku haushuki chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, yaani 50 za Farenhaiti. Kwa pilipili na nyanya chungu nasubiri 13.

Nje vikopo hukauka mara mbili kwa haraka kuliko ndani. Sasa kagua maji kila siku.

Kama unaondoka kwenda kazini alfajiri na kurudi jioni, anza Ijumaa jioni, tumia wikendi, kisha siku za kazi waache upande wa kaskazini wa nyumba penye kivuli cha kutwa na pasipo upepo. Siku yenye upepo mkali au mvua ya kupiga, wasitoke kabisa. Hesabu itaendelea kesho yake.

Utajua umefanya sawa: majani yamekuwa mazito kidogo, rangi imekolea, na mche hauyumbi ukiupuliza.

## Hatua ya 10: Pandikiza

Pima udongo asubuhi kwa kipimajoto cha jikoni, kina cha sentimita 8 hadi 10. Nyanya zinataka angalau nyuzi 15, yaani 60 za Farenhaiti. Pilipili, bilinganya, nyanya chungu na bamia 18. Zikipandwa kwenye udongo wa baridi hazifi. Hukaa tu, bila kukua, na za jirani yako zilizopandwa wiki mbili baadaye huzipita.

Chagua siku ya mawingu au saa za jioni. Mwagilia vikopo saa moja kabla. Nafasi kati ya miche ni sentimita 60 kwa nyanya na nyanya chungu, 45 kwa pilipili na sukuma wiki.

Kila shina livishe pete ya karatasi ngumu, kwa mfano kipande cha kikopo cha kahawa kilichokatwa chini, izame sentimita 2 au 3 ardhini. Huku nako sota, wale viwavi wa udongoni, wapo, na kwa usiku mmoja hukata mche usawa wa udongo.

Mwagilia taratibu mpaka udongo ulowe chini kabisa. Weka matandazo ya majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, ukiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina.

Utabiri ukitaja jalidi baada ya kupanda, funika kwa shuka la zamani kabla jua halijazama, likishikiliwa na vijiti, liguse ardhi pande zote. Plastiki ikilala juu ya majani, mahali ilipogusa huungua kwa baridi. Asubuhi ondoa.

Siku tatu za kwanza majani yatalegea mchana na kusimama jioni. Kati ya siku ya 7 na ya 10 tafuta jani jipya katikati ya ncha. Likiwepo, mizizi imeshika. Kuanzia hapo punguza mara za kumwagilia na ongeza kiasi cha maji. Ile miche miwili mitatu ya ziada usiigawe bado. Itunze kivulini kwenye vikopo vyake mpaka katikati ya Juni, kwa ajili ya yule atakayekatwa na sota au kuliwa na sungura.